Mti Usiojenga Hata Banda la Kuku

Ukipanda kutoka Sekei kuja huku kwetu juu, mwezi wa kumi, huna haja ya kuuliza kwa Mama Joyce ni wapi. Utauona mjakaranda wake umesimama peke yake katikati ya shamba, zambarau tupu, jani hata moja hauna, kama mtu aliyevaa joho la kwaya kwenda kuchimba viazi. Mimi ni jirani yake na mpaka leo siupendi. Maua yake yakinyeshewa yanateleza kuliko sabuni. Nimeshaanguka pale na ndoo ya maji, tena mbele ya mwinjilisti.

Mama Joyce jina lake Nashipae. Mumewe, Loserian, alifariki mwaka ambao Joyce alianza darasa la kwanza, akamwachia ng'ombe, shamba na shemeji. Ng'ombe alikufa. Shemeji, Tajeu, mdogo wake marehemu, yupo, tena ana afya njema.

Msiba haujapoa, Tajeu akaja na toroli limejaa miche ya migrivea.

"Shemeji, nakusaidia. Shamba la mjane lisikae wazi."

Akaipanda kuzunguka shamba lote. Huku mlimani sote tulielewa anachofanya. Kwetu mtu akiazimwa shamba analima mahindi, analima maharage, anavuna, anaondoka. Mti hapandi. Anayepanda mti ni mwenye shamba, na wazee wakija kuamua ugomvi, huutazama mti kwanza. Nashipae hakuwa na ubavu wa kumfukuza shemeji aliyekuja na msaada. Alimpikia chai.

Siku chache baadaye akaenda Makumira kwenye semina ya akina mama wa usharika, akarudi na mche mmoja ndani ya kopo la rangi. Akauchimbia shimo katikati ya shamba. Tajeu akasimama kumwangalia.

"Nini hiyo, shemeji?"

"Jakaranda. Ile ya barabarani mjini."

"Ua?" Tajeu alicheka mpaka akakaa kwenye toroli. "Utajengea nini? Hata banda la kuku haijengi!"

"Nitaiangalia."

"Haya, iangalie. Sisi wengine tunapanda mbao."

Na tuseme kweli, alikuwa na hoja. Mgrivea ni mti wa mtu mwenye haraka. Ukishashika udongo huu wetu haukuombi kitu, unakwenda juu wima. Ukipunguza matawi umepata kuni, majani makavu unamtandikia ng'ombe, na mahindi yanaota jirani yake bila kelele nyingi. Hata maua yake ya rangi ya dhahabu nyuki wanayagombania.

Jakaranda ilikuwa mtoto wa kudekezwa. Mara ya kwanza mbuzi aliikanyaga, Nashipae akaizungushia miiba. Kiangazi akaipa maji aliyosuuzia vyombo, na sisi wengine tunapimiana maji ya kuoga. Ikakua imepinda, tena ikagawanyika chini kabisa, mashina mawili, fundi wa mbao hata bure asingeichukua. Kivuli chake kikafukuza maharage. Nilimuuliza shoga yangu faida yake ni nini. Akafikiri. Akasema watoto wanapenda kugonganisha yale maganda ya mbegu.

"Basi, umetajirika," nikamwambia.

Migrivea ikakomaa, Tajeu akaanza kuvuna. Kwanza kenchi za paa la nyumba yake. Halafu milango. Halafu vitanda, kabati, na benchi moja akalitoa sadaka kanisani, likatangazwa kwa jina lake. Kila aliyepita alimsifu. Alivuna mpaka mti wa mwisho, na kwa kuwa ni mtu asiyependa uchafu, akang'oa visiki vyote, akachomea mkaa, akasawazisha udongo.

"Sasa shemeji unalima mpaka ukingoni," akasema, kwa upole kabisa.

Jakaranda hakuigusa. Angeikatia nini?

Mwaka Joyce alipomaliza kidato cha nne, akaja mtu wa mjini na gari anatafuta kiwanja. Tajeu akamtembeza shambani. Jioni akamwambia Nashipae avune mahindi yake mapema, shamba ni lake yeye Tajeu, marehemu kaka yake alikuwa ameazimwa tu, na mjane naye ndiyo hivyo hivyo. Nashipae hakuwa na shamba jingine. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, chai ikapoa mkononi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Yoeli, akaita wazee wenzake wakutane palepale shambani. Tulikwenda wote, shikamoo kila upande. Mwezi wa kumi huo, maua yanaanguka mpaka kwenye kofia ya Mzee Yoeli.

"Tajeu," akasema, "unasema shamba ni lako. Ulipanda nini humu?"

"Migrivea, mzee! Shamba zima! Muulize yeyote."

"Iko wapi?"

"Nimevuna. Si ni paa la kwangu pale! Na benchi mnalokalia kila Jumapili!"

"Nalijua, linabana. Visiki je?"

"Niling'oa."

"Vyote?"

"Vyote, mzee. Mimi kazi nusunusu sifanyi."

Mzee Yoeli akaangalia ukingo mzima, mahindi matupu. Akainua macho.

"Na huu?"

"Huo ni wa shemeji. Ua tu."

"Ulikuwepo akipanda?"

"Nilikuwepo. Nilimcheka."

"Ulimkataza?"

"Sasa mzee, mtu unamkataza kupanda ua?"

Mzee mmoja alikohoa, mwingine akaupigapiga mjakaranda mgongoni kama ng'ombe wa kununua. Mzee Yoeli akakung'uta maua kofiani, akasema basi, mwenye mti ndiye mwenye shamba. Mahindi ya Nashipae yalivunwa kwa wakati wake, na yule wa mjini aliwasha gari.

Mimi nikamvuta shoga yangu kando. "Niambie kweli, ulijua?"

"Nilipenda rangi," akasema Mama Joyce, anatikisa maua kwenye kanga.

Siku hizi anapanda migrivea ukingoni, maana kuni anazihitaji kama binadamu mwingine. Na juzi Tajeu alipita, akabisha hodi kistaarabu, akaulizia kama shemeji anazo mbegu za ule mti wake.

"Zipo, shemeji, chukua kopo zima," akamwambia. "Ila ukapande kwako."