Mwanamke wa Vibao vya Saluni

Rosebella hakuwa mtu wa wivu, na aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe. Yeye na mumewe Wandera walivuka mpaka wa Busia wakiwa vijana, wakafungua kibanda mtaani Katwe, katikati ya mafundi wa vyuma. Mume alikaa ndani akichora vibao vya saluni, mke akakaa mlangoni akikaanga chapati. Wandera si mtu wa maneno. Tangu amwoe hajawahi kumwambia kwamba ni mzuri. Akipewa chapati husema, "Imeiva," basi, na hiyo ndiyo sifa kubwa aliyo nayo.

Kwa hiyo Akidi, jirani yao muuza mkaa, alipokuja na umbea, ulipata pa kukaa.

"Mama Nangila, ulijua kazi za mzee zimetundikwa kwenye maonyesho kule Bugolobi?"

"Aliniambia kuna msichana anakusanya vibao vyake vya zamani."

"Alikwambia ni maonyesho ya maumbo ya wanawake? Kuna kalenda, kuna mabango ya wanamuziki, halafu ukuta mzima ni wa mzee wako. Na dada, nisikufiche, vibao vyote vina mwanamke mmoja. Sura haionekani, ametupa mgongo, lakini ni yuleyule. Yule msichana alimuuliza mzee huyu ni nani. Mzee akasema, 'Ni mtu tu.'"

Mtu tu! Jamani, mwanamume akisema "mtu tu," hapo pana mtu. Rosebella aliiacha chapati ikaungua, jambo ambalo Katwe haikuwa imeliona.

Vibao hivyo alikuwa akiviona kila siku, kimoja kimoja, vikikauka ukutani. Ni migongo, kwa sababu mteja wa kusuka anataka kuona mistari inavyoshuka kisogoni. Nani angekaa kuchunguza migongo?

"Kikulacho ki nguoni mwako," Akidi akaongezea, kana kwamba moto haujakolea.

Jumapili, baraka za kanisani hazijapoa, Rosebella alimwambia Wandera anakwenda kumwona mgonjwa. Alivaa gauni lake la bluu lenye mgongo wazi kidogo, na nywele alikuwa amezisuka jana yake. Kama ni kushindana na huyo mtu tu, ashindane akiwa safi. Akidi akamfuata, maana umbea mtamu hauachwi njiani.

Chumba kilikuwa kikubwa, cheupe, kimejaa vijana. Waimbaji wa mabangoni walikuwa na viuno vya nyigu, na wasichana wa kalenda walicheka na chupa za soda. Rosebella aliwapita wote. Akafika kwenye ukuta wa mumewe, akasimama.

Kweli alikuwa mmoja. Kwenye kibao cha kwanza shingo ilikuwa nyembamba, mifupa ya mabega imetokeza. Kilichofuata, mabega yamejaa, na begani pametupwa kanga ya mtoto. Mbele zaidi shingo ilikuwa na mikunjo, na mgongo mpana, mzuri, uliotulia. Na kote, chini ya shingo upande wa kushoto, palikuwa na baka jeusi.

"Lo! Alianza naye akiwa kimbaumbau," Rosebella akafoka. "Akamzalia, akanenepa mikononi mwake, mimi nakaanga chapati! Mpaka baka lake analijua!"

Machozi yakamlenga. Hapo ndipo aliposikia kicheko nyuma yake, kisha sauti ya msichana: "Nyabo, mama, samahani, usigeuke!"

Ni Munirah, yule msichana mwenye maonyesho, ameinua simu. Chumba kizima kilikuwa kimeacha picha kinamtazama yeye. Akidi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Dada," akasema, "hilo baka unalo."

"Ninalo wapi?"

"Hapo!" Akidi akamdunga kidole chini ya shingo, upande wa kushoto.

Munirah akamwonyesha picha aliyopiga. Wanawake wawili, mmoja ukutani na mmoja mbele yake, shingo moja, mabega yaleyale, baka lilelile, tofauti ni gauni tu. Rosebella aliitazama muda mrefu. Kisogo chake hakuwahi kukiona maishani, na sasa alikuwa na ukuta mzima wa visogo vyake, tangu usichana. Akaanza kucheka huku analia, na kwa furaha akamshika Akidi begani.

Aliporudi kibandani alimkuta Wandera anakoroga rangi.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepona. Baba Nangila, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

Wandera akajua mchezo umekwisha. Alipangusa brashi yake pande zote mbili, taratibu, kama anatafuta maneno kwenye kitambaa.

"Ningekwambia, ungegeuka."



Asubuhi aliwasha jiko lake mlangoni kama kawaida, akakiweka kigoda palepale, akampa mumewe mgongo. Ila shingo ya gauni aliivuta chini kidogo, baka lipate hewa. Chapati ya kwanza ilipotoka motoni aliipitisha nyuma ya bega lake, bila kugeuka.

"Imeiva," akasema Wandera.