Airisi za Mama Mkwe

Mke wangu alipotoka kumzika mama yake Njombe, alirudi Mwanza na mfuko wa matunguu yaliyofanana na tangawizi iliyosinyaa. Akasema ni maua ya airisi, yale mafupi ya kimo cha shubiri, yenye manyoya kama ndevu katikati ya ua. Mama mkwe alianza na mawili tu, la zambarau na la njano. Nyuki wakayachanganya, mbegu zikaanguka, na tuta likajaa rangi ambazo hakuzinunua popote. Mke wangu alilitaka moja tu, la njano lenye doa la kahawia, lililoota karibu na mlango akiwa binti. Lakini aliyachimba wakati hayana maua, na bila maua yote ni sura moja.

Hapa kwetu yalitoa majani, mwaka mzima majani tu. Yanataka baridi, na Mwanza baridi tutaitoa wapi? Mimi nanunua sangara mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, barafu ndiyo kazi yangu, basi nikajitia kujua: nikayang'oa, nikayafunga kwenye gazeti na kuyaweka kwenye boksi la barafu. Wenzangu walinicheka mpaka nikakasirika. Nikawaambia wacheke watakavyo, ila mtu asiguse boksi langu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Yakioza, ningemwambia nini mwanamke aliyetoka kumzika mama yake?

Hayakuoza yote. Tukayarudisha kwenye ndoo ya mchanga na mbolea, na baada ya majuma kadhaa moja likatoa tumba. Mke wangu akawa haendi hata kanisani kabla ya kulichungulia.

Lilifunguka asubuhi. Halikuwa la njano. Lilikuwa jeupe lenye kuelekea bluu, na ndevu zake za rangi ya chungwa. Nikaanza kumpa pole, nikisema mengine bado, tusikate tamaa.

"Ngoja kwanza, baba," akasema, akachuchumaa. "Hili sijawahi kuliona."

"Kwani si la nyumbani kwenu?"

"Ni la nyumbani. Litakuwa liliota baada ya mimi kuolewa." Machozi yakamtoka. "Miaka yote ile namwambia nitakuja, mama, nitakuja. Kumbe alikuwa na hili, analitazama peke yake."