Akala za Nyanya Mlangoni

"Mbona nyanya yako hajavua viatu?"

Jirani aliniuliza hivyo nikiwa na miaka tisa hivi, akinionyesha picha ya harusi ya shangazi. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa mpiga picha wa mtaa wetu hapa Isiolo. Picha yenyewe ilikuwa ya viatu tu: rundo la ndara na viatu vya visigino mlangoni kwetu, na katikati miguu ya nyanya, bado imo ndani ya akala zake za tairi, vidole vikielekea nje. Nikainua mabega. Akacheka. "Basi kaulize kwenu." Sikuuliza. Nilikuwa nimetumwa makaa, na nyanya hakuvumilia mtoto wa kuzubaa.

Harusi ile naikumbuka kwa pua: hina mbichi, nyama ya mbuzi, chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Wanawake walijaa ndani, mitandio wameitupa, wakiimba, nami napita katikati yao na birika. Ajabu ni kwamba jirani simkumbuki humo.

Chuoni, nikisomea upigaji picha, mhadhiri alisema kila mpiga picha sharti awe na mtindo wake. Nikampelekea picha nilizopiga za viatu vya mlangoni. "Hapa umejipata," akasifu. Nilijipata, au nilimpata jirani? Sijui hadi leo. Lakini tangu hapo kila harusi naianzia mlangoni.

Wiki hii bibi harusi mmoja wa Ngaremara alizipitia picha zangu, akasonya.

"Dada, kwani ulikuja kuuza mitumba? Mimi niko wapi hapa?"

Nikamweleza habari ya mtindo.

"Mtindo ni wako, sawa. Harusi je, ni ya nani?"

Nikaenda kwa mama, nikamkuta anachambua mchele. Nyanya hayuko tena. Kwa jirani sasa ni duka la simu, na hakuna anayejua alikohamia. Nikamuuliza mama lile swali la zamani. Akacheka kidogo, kisha akaniambia.

Nyanya alikuwa amesimama kumzuia jirani asiingie na kamera, maana wasichana walikuwa vichwa wazi, na picha zingeoshwa studio na wanaume. Jirani alikaa nje mpaka harusi ikaisha. Na nywele za shangazi, zile zilizokuwa zikifichwa, jirani mwenyewe ndiye aliyezisuka asubuhi ile.