Babu Alivuta Mwisho wa Riwaya

Harufu ya tumbaku iliyosokotwa kwenye karatasi hunikumbusha mapenzi hadi leo. Si mapenzi yangu. Nilikuwa darasa la sita hapa Songea, miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba na riwaya za mapenzi zilipofurika mjini kwa pamoja. Riwaya niliyoiabudu niliivika jalada la kitabu cha nyimbo za kanisani, na mama alifurahi kuona binti yake amekuwa mcha Mungu. Ndani yake bwana mmoja tajiri, mkali kama pilipili kichaa, alimfungia msichana nyumbani na kutembea na ufunguo mfukoni. Ati alimpenda sana. Nilimchukia kila ukurasa, na kila ukurasa nilisoma mbiombio nimwone tena.

Shangazi Restituta, dada yake baba, hakujua kusoma, hivyo nilimsomea tukipukuchua mahindi uani. Aliuza blauzi za mitumba sokoni, na wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Madaba alikuwa amemposa kwa khanga na sharti moja: akiolewa, soko basi, na nje hatoki bila ruhusa. Jibu lilitakiwa Jumapili. Kizuri hakikosi ila, walisema watu wa nyumbani, mwenye lori hakataliwi. Mimi ndiye niliyemsihi kuliko wote. Wivu ni dalili ya mapenzi, nilimwambia, kitabu kinasema.

"Basi tukimalize," Shangazi akasema, "nione mwenzangu aliishiaje."

Jumamosi tukagundua kwamba kurasa za mwisho zimenyofolewa. Babu alikuwa kwenye kigoda chake akipuliza moshi. "Karatasi yake laini," alisema bila aibu. "Inashika tumbaku vizuri."

Nilitaka kulia. Shangazi, akidhani nimeshasoma mbele, aliuliza waliishiaje. Ningeweza kuwaozesha, moyo wangu ulitaka hivyo, bwana yule apige magoti na kulia machozi. Lakini niliona mkono wa Shangazi umetulia juu ya gunzi ukingoja jibu langu, nikaogopa. "Aliiba ufunguo," nikasema. "Akatoka, akamfungia bwana yule ndani." Babu alicheka hadi akapaliwa. Jumapili baada ya misa, khanga zilirudishwa Madaba zikiwa zimekunjwa vizuri.

Siku hizi riwaya hizo ziko kwenye simu, na mabwana wake wamezidi ukali. Naona aibu, na nazisoma. Mume wangu ni mpole. Akiuliza ninakokwenda, ni ili aniagize nyanya. Yule wa kitabuni akibisha hodi kwangu, nitaita mgambo. Majuzi nilimsomea Shangazi dukani kwake sokoni, nikamkiria kwamba mwisho ule niliutunga.

"Nilijua," alisema. "Nani aandike kitabu kizima cha kufungiwa, halafu mtoto atoke kirahisi hivyo?"

"Sasa mbona ulirudisha khanga?"

"Nyumba nzima ilikuwa inanisukuma niingie. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie naweza kutoka."

Akanisukumia simu. "Haya, soma. Huyu wa leo ameshamfungia?"