Jina Ambalo Tusekile Hakulisoma

Watu wa Igawilo wakikwambia Tusekile alikuwa mwanamke wa hasira, waulize ni nani aliyemkasirisha. Utaona watakavyoanza kukuna vichwa na kuzungumzia mvua. Mimi nitakwambia, wala sitamung'unya maneno.

Tusekile binti Saulo alizaliwa Rungwe, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Msichana kufika darasa la nne siku zile! Majirani walimwendea Saulo wakamwambia anamharibu binti. Saulo akawajibu, "Akiharibika ataharibikia kwangu, nyie inawawasha nini?" Binti alirithi mdomo huo huo, ila alifundishwa kuufunga. Aliolewa na Yotamu, dereva wa lori la mizigo kati ya Mbeya na Iringa, akahamia Igawilo, nje kidogo ya mji wa Mbeya, wakapata mtoto wa kike, Lea.

Sasa kwa Wanyakyusa, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake. Hamsalimii, hali naye, na akikutana naye njiani anaingia vichakani hata kama kuna upupu. Na jina lake halitamki kabisa. Wenyewe wanaita kutila, ndiyo kumcha mkwe. Zamani haikuwa taabu kubwa, maana vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Lakini Igawilo ardhi ilikuwa imebana, basi Yotamu akajenga ubavuni mwa baba yake, na katikati wakasimamisha ua wa mianzi. Miaka sita Tusekile aliishi na kikohozi cha mzee upande wa pili bila kuuona uso wake. Mzee huyo aliitwa Asukile. Mimi si mkwe wake, nitalitaja nipendavyo.

Mwaka 1957 Yotamu alirudi kutoka Iringa na kitabu kipya, bado kinanuka wino. Juu kimeandikwa Milima Saba ya Ukungu, na chini yake, Kitabu cha Kwanza. Kilitungwa na mwalimu mmoja Mhehe wa Kilolo, Bartholomeo. Hakikuwa kitabu cha kilimo bora wala cha nyimbo za kanisani. Kilihusu nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote, yenye milima inayohama, joka linalopumua ukungu, na binti wa mhunzi aliyeapa kulifuata joka hilo mpaka pangoni mwake.

Tusekile alikisoma mara moja peke yake, harakaharaka, ugali ukaungua. Mama mkwe wake, Tusajigwe, alikuja kuuliza moshi ni wa nini, akamkuta na kitabu mapajani. "Na sisi tusomee basi," akasema. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kukamua ng'ombe, wanawake walikuja na maharage yao ya kupukuchua, wakakaa nyuma ya nyumba, na Tusekile akasoma.

Jioni ya kwanza tu, kigoda kikasikika kikiburutwa upande wa pili wa mianzi. Kisha kikohozi. Wanawake wakatazamana, wakaendelea kupukuchua. Mila ilikataza macho na ulimi, masikio haikuyataja. Tusekile akapaza sauti kidogo ili mzee asipate taabu. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akafika ukurasa wa pili. Palikuwa pameandikwa: Mfalme Asukile akafunga lango la mji, akawaacha watu wake nje, kwenye ukungu.

Lo! Kati ya majina yote ya dunia hii! Mwalimu Bartholomeo alilisikia wapi, Mungu ndiye ajuaye, huenda kwa utingo fulani sokoni Iringa, likampendeza. Mhehe wa watu atajuaje kwamba Igawilo kuna mwanamke ambaye jina hilo ni mwiko kinywani mwake? Na si jina la shujaa, hapana. Ni jina la mfalme mwoga, mlafi, anayelipelekea joka watoto wa maskini ili yeye alale salama. Aliposoma peke yake, Tusekile alilipitisha kwa macho tu. Sasa limemfika kwenye meno. Akameza mate, akasoma, "Yule Mfalme akafunga lango la mji." Na ikawa hivyo hadi mwisho wa kitabu. Kila penye jina, yeye alisema yule Mfalme.

Wiki nne zilipita, na mzee alinogewa. Alianza kuwaita wenzake, vigoda vikawa vitano, kisha vinane. Na alikuwa akimtukana yule mfalme kwa sauti! "Mshenzi huyu! Angekuwa hapa Igawilo ningemcharaza fimbo mbele ya wake zake!" Wazee wenzake wanacheka, wanagonga fimbo chini. Upande huu Tusekile anauma mdomo, jasho linamtoka. Atamwambiaje? Kumwambia ni kulitaja.

Kikafika kitabu mwisho. Binti wa mhunzi amesimama mdomoni mwa pango, mkuki mkononi, ukungu unatoka ndani, macho mawili yanawaka. Tusekile akafunua ukurasa, akasoma maneno yaliyobaki: "Hapa ndipo mwisho wa Kitabu cha Kwanza."

"Endelea," akasema Tusajigwe.

"Kimeisha, Mama."

"Kimeishaje? Joka limekufa?"

"Sijui, Mama. Vitabu vitakuwa saba. Hiki ni cha kwanza."

Upande wa pili pakalipuka. Mzee Asukile alirusha kigoda, kikagonga mianzi. Hadithi inakatwa katikati wapi? Tangu kuumbwa kwa milima hii, aliyeanza hadithi aliimaliza akiwa amekaa hapo hapo. Mtu kusimulia nusu akaenda zake? Ni dharau! "Amekificha!" akanguruma. "Mwisho anao. Amejisomea mwenyewe, sisi anatuachia makapi!"

Asubuhi yake wakamwita Mzee Jailos, mzee wa kanisa mwenye miwani, mwanamume pekee wa rika lao aliyejua kusoma. Kitabu kikapitishwa juu ya ua, Jailos akakifungua mwanzoni, akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Akarudi juu, akausoma tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyemshika mwenzake pabaya, akawasomea wazee kama ilivyoandikwa.

Hebu fikiria. Wiki nne mzee amemtukana mfalme yule mbele ya marafiki zake wote, amemwita mshenzi, kumbe anajitukana mwenyewe. Wazee walijaribu kujizuia, mmoja akashindwa, akapiga chafya ya uongo, na hapo wote wakaangua kicheko. Asukile hakucheka. Jailos akaongeza chumvi: "Mkwe wako alijua siku zote. Alikuwa anakucheka rohoni. Mtu aliyebadili jina, atashindwaje kukata mwisho? Sikusoma mpaka huko, na sina haja ya kusoma."

Habari zikamfikia Tusekile kabla jua halijapanda. Amemdhihaki mkwe. Mwanamke wa hivyo hurudishwa kwao, na mtoto hubaki kwa baba. Lea alikuwa na miaka minne. Alikuwa mlangoni akila kiazi, hana hili wala lile, na mama yake akamtazama mpaka kiazi kikaisha. Yeye, aliyelimeza jina la mtu wiki nne ili asimvunjie heshima, ndiye aondoke amwache mwanawe? Hasira ikampanda, na kuanzia siku hiyo sidhani kama iliwahi kushuka yote.

Yotamu alirudi Jumamosi na gazeti la mwezi kutoka Iringa. "Tazama, mama Lea, tumepona!" Ukurasa mzima ulikuwa wa barua za wasomaji. Fundi cherehani wa Nyololo ameandika kwamba aliuza jogoo wake kununua kitabu, na sasa anataka ama mwisho wa hadithi, ama jogoo. Mtu wa Madibira ameapa kwamba akimwona mwandishi atamtumbukiza mtoni. Jirani mmoja huko huko Kilolo amesema mwalimu anaonekana kila siku akipalilia viazi badala ya kukaa kitini kuandika. Nchi nzima ya nyanda za juu ilikuwa imefura kwa sababu moja. Mwisho haukufichwa na mtu, haukuwepo.

"Na jina?" Tusekile akauliza.

Yotamu akakunja gazeti polepole. "Jina... kwa hilo omba radhi tu, yaishe."

"Niombe radhi kwa lipi, Yotamu? Kwa kulitaja au kwa kutolitaja?"

Mwanamume akainuka. Akaenda kuangalia matairi ya lori.

Jumapili baada ya ibada wakakaa. Wazee upande ule wa mianzi, wanawake upande huu, na Jailos kwenye upenyo wa ua, anaonekana na pande zote mbili, miwani puani, kitabu mkononi. Yotamu akasoma barua za gazeti, wazee wakaguna, wakakubali kwamba mwisho haupo. Hapo ndipo yangekwisha, kama Jailos angekuwa mtu wa kukubali kushindwa.

"Tuache mwisho," akasema. "Mama Lea, ukurasa wa pili pameandikwa nini?"

"Unajua kilichoandikwa, Mzee."

"Ulisoma kama ilivyoandikwa?"

"Sikusoma."

"Kwa nini?"

Swali gani hilo? Kila mtu pale alijua kwa nini. Kila mwanamke aliyekaa pale na maharage yake alikuwa na jina ambalo hajalitamka tangu siku ya harusi. Tusajigwe mwenyewe, baba mkwe wake amekufa miaka ishirini, na bado akitaka kumtaja husema yule wa kwenye mwinuko. Tusekile akamgeukia. "Mama, waambie." Tusajigwe akainamisha kichwa, vidole vikaendelea kupukuchua. Tusekile akawatazama wengine mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua uso! Na Yotamu alikuwa akitazama viatu vyake, kana kwamba amevivaa leo kwa mara ya kwanza.

Mzee Asukile naye alikuwa pale nyuma ya mianzi, akijua. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Akakohoa.

Jailos akamnyooshea kitabu. "Soma mbele ya watu, kama ilivyoandikwa. Ukikataa, basi wewe ni mwongo na ulimcheka mkwe wako, urudi kwa Saulo."

Unaona mtego huo? Akikataa, ni mwongo. Akisoma, amelitaja. Huku hana mtoto, huku hana heshima. Tusekile alikipokea kitabu.

"Kama heshima yangu mnaiita uongo," akasema, "haya, sikilizeni ukweli."

Akasimama akasoma. "Mfalme Asukile akafunga lango la mji." Wanawake wakapiga yowe, maharage yakamwagika. Mmoja akaziba masikio. Tusekile hakusita. "Asukile akawaacha watu wake nje, kwenye ukungu. Watu wakalia, Asukile, tufungulie! Na Asukile aliwasikia, naye akanyamaza." Kila alipolifikia jina alipaza sauti zaidi, mpaka mbwa wakaanza kubweka, na wapita njia wa barabara ya Tukuyu wakasimama. Alisoma ukurasa wote. Kisha akakaa chini, machozi ya hasira yakimtiririka, akamvuta Lea mapajani.

Kikohozi. Kisha sauti ya mzee ikatoka nyuma ya mianzi, nzito, ikielekezwa kwa mwenzake maana kwa mkwe asingeweza. "Jailos. Ni wewe uliyemlazimisha mkwe wangu kunitaja. Ng'ombe wa kuliosha jambo hili atatoka zizini mwako, si kwa Saulo. Na mwanamke huyu haendi popote."

Jailos akavua miwani. Kesho yake alimleta ng'ombe, akachinjwa, watu wakala wakafurahi, jambo likaoshwa. Kila mtu akasema mzee amehukumu kwa haki. Tusajigwe alimpelekea Tusekile kipande cha ini, akamwambia, "Mwanangu, yamekwisha." Tusekile akasema asante, akampa Lea.

Yamekwisha kwa nani? Hakuna hata mmoja aliyemwambia samahani. Si mume, si mama mkwe, si wale wanawake. Mzee alijua ukweli wakati neno lake lingemwokoa, akalitoa wakati limebaki kumpa sifa yeye. Watu wa hivyo ndio wanaoshangaa kwa nini Tusekile alikuwa na hasira!

Kitabu cha pili kilitoka mwaka uliofuata, kinene kuliko cha kwanza. Yotamu alikileta kutoka Iringa huku akichekacheka, na habari ikavuka ua kabla hajakata kamba ya kifurushi. Jioni, baada ya kukamua, wanawake wakaja na maharage. Upande wa pili kigoda kikaburutwa, kisha kingine, mpaka vikafika tisa. Mzee akakohoa kikohozi cha kujiandaa.

Tusekile akatoka, akakaa mahali pake pa siku zote, akafungua ukurasa wa kwanza. Macho yakaanza kwenda kushoto kulia, kushoto kulia, na mdomo wake ukabaki umefungwa.

"Mwanangu," Tusajigwe akanong'ona, "hatusikii."

Tusekile akafunua ukurasa. Alisoma mpaka mwanga ukaisha, na kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Wanawake walichoka, wakarudi kwao. Wazee nao wakaondoka mmoja mmoja na vigoda vyao. Asukile peke yake ndiye aliyebaki, jioni baada ya jioni, sikio kwenye mianzi, akisikiliza kurasa zikifunuliwa.