Kitambaa ya Salon Yenye Duane Ilisoma kwa Sauti

Jamani, haya niko nayo mingi, mpaka leo huku Mubi kuna motari mumoja wa pikipiki, akinipita anapunguza mwendo na kuuliza, "Papa Kitanda, habari?" na mimi najifanya natafuta kitu mu mufuko. Leo nitawaelezea ile jina ilitoka wapi. Mucheke, lakini mucheke polepole, juu bado inaniuma.

Mimi niko fundi wa biti, hiyo munajua. Natengenezea bantu salon, ile biti kubwa ya kukalisha wageni, mbao, mousse laini ndani, na velours, kile kitambaa ya manyoya, juu, na kwangu tulikuwa tunakalia bidon. (Kweli kabisa. Bidon ya njano, ya mafuta.) Tangu tukimbie Masisi na kuacha kule ku kilima salon yenye nilitengeneza wakati wa ndoa, sikupata moyo wa kutengeneza ingine. Furaha, bibi yangu, alivumilia. Alafu mama yake akagonjwa kule Shasha, akashuka kumuangalia, mama akapona, na Furaha akabakia. Nikimuuliza ku simu anarudia lini, anacheka: "Nitarudia siku nitapata kwa kukaa kama muntu."

Sitawaficha, nilimutamani ule mwanamuke. Asubuhi nilikuwa naweka maji ya chai ya bantu wawili. Mvua ya huku ikipiga ku manjanja, mabati ya nyumba, Furaha alikuwa anaitukana kwa Kihunde, anaitukana kama muntu mwenye anamujua, na sasa nilikuwa nalala pale nasikiliza mvua yenye hakuna mwenye anaitukana.

Njo nikavuka mupaka kununua velours, rulo moja, jora nzima, ya kazi, na kipande kingine ya rangi ya majani, yenye Furaha anapenda, ya salon yetu. Ku soko kulikuwa mama mumoja na mashini ya kudarizi. Hapo njo ujinga ilinikamata. Nikamuambia anishonee kile kipande pindo pande zote, isifumuke mu njia, na ku upande wa ndani, mahali muto wa kukalia itafunika, aandike na uzi nyekundu: FURAHA USIENDE TENA, KITANDA IKO KUBWA. Nilisema siku moja atanyanyua muto asafishe, asome, acheke peke yake. Ilikuwa siri ya bantu wawili, basi.

Papa Safari, deklarant wangu, ule ananiandikia makaratasi ya duane, ya kodi ya mupaka, aliandika rulo na kipande pamoja "kitambaa ya biti, ya mita", na mimi nikanyamaza. Pindo ni nini hata niisemee? (Leo ninajua.)

Ku duane tukamukuta mama mumoja wa miwani, sauti yake ya kuongoza kwaya. Akafungua kile kipande, akapitisha kidole ku ukingo.

"Papa, hii iko na pindo."

"Ndiyo, mama, isifumuke."

"Kitambaa ya mita haina pindo. Ikipata pindo imekuwa kitu ya kushonwa, inatoka ku mustari yake mu tarife, ile liste ya kodi, inaenda ku ingine, na kodi inapanda. Sasa ni kitu gani?"

Kabla nijibu, akaigeuza. Nikaona uzi nyekundu. Nikataka kumunyanganya, lakini munyanganye duane, mutalala wapi? Akasoma. Akasoma yote, na ile sauti.

"Kumbe ni ya kitanda!" akasema. "Papa Safari, hii ni couvre-lit, shuka ya kufunika kitanda, na weye uliandika kitambaa ya biti. Mumedanganya. Rulo yote inabaki hapa."

Nyuma yetu kulikuwa mulongo, bamama na mizigo, bashofere, na ule motari wa Mubi (nani alimuleta siku ile, sijui). Papa Safari akaangalia chini. Rulo yote! Njo nikapaza sauti, sikupima maneno: "Mama, hapana ya kitanda! Ni ya kiti! Kitanda hata haiko kubwa, ni ya kawaida, niliitengeneza mwenyewe, ni kubwa juu bibi hayuko ndani!"

Mulongo yote ikaanguka na kicheko. Muntu mumoja akasema, "Pole sana, Papa," na kicheko ikaanza upya.

Ule mama akatoa miwani, akapangusa macho, akalegea kidogo. "Papa, nikusaidie. Kata pindo na maandiko, ibaki kitambaa ya mita kama ku karatasi. Ao ulipe ya kitu ya kushonwa." Akanisogezea makasi.

Kulipa ningeweza, ningeuza kidogo ya rulo palepale. Lakini nilitaka tu kutoka mbele ya yale macho. Nikakata. Pindo kwanza, kisha maneno, na mu ile maneno jina ya Furaha njo ilianguka ya kwanza. Mu mulongo, mama mumoja muuza samaki wa Shasha, mwenye anamujua Furaha, akasema, "Aah, Papa," na yeye hakuwa anacheka.

Nikarudia Mubi, nikatengeneza salon, ikatoka muzuri sana, nikapigia Furaha simu.

"Ile mama wa samaki alishafika hapa," akasema. "Nilicheka mpaka mama akauliza kama niko mugonjwa. Nikaanza kufunga bitu yangu nirudie, unasikia? Alafu ule wa samaki akamaliza habari, akasema ulikamata makasi weye mwenyewe."

"Kodi ilikuwa inapanda, Furaha."

"Njo ukatoa jina yangu ili ishuke?"

Furaha akasema tena, polepole, "Basi niambie sasa, na kinywa. Iliandikwa nini?"

Bantu yangu! Mbele ya duane nzima nilipaza sauti, na kwa yeye peke yake nikasema, "Salon imeisha. Iko rangi ya majani."

"Sawa," akasema, akakata simu.

Pindo sitaweka tena ku kitambaa mbele ya kuvuka mupaka, hiyo naapa. Lakini pindo haiko makosa yangu kubwa. Kesho nikipata nafasi ku lori nashuka Shasha mikono mitupu, nisimame mbele yake, mbele ya mama yake na bauza samaki bote, nimuambie na kinywa kwamba usiku hapa iko murefu bila yeye. Akikataa, nitamuambia tena.