Habari Yenye Mama Mukubwa Alipewa Akisimama

Tulitoka Pweto juu ya Mwape, mutoto ya mama mukubwa, kaka yangu. Balituletea habari ya kama iko analala mu lopitalo ya kampani kule Elisabethville, kifua inamutesa. Mama mukubwa akafunga kitunga ya samaki ya kukauka. Miye alinibeba juu ya Kifaransa: nilimaliza masomo ya primere kwa bapadri, na mu Pweto yote hakukuwa muntu wa kunipinga, hata nikikosa.

Mu mashua ya kwenda Kasenga nilichekesha bote. Niliigiza padri mwenye kuogopa mayi. Mama mukubwa alicheka mupaka machozi, akanipiga kofi: «Célestin, weye shetani yenyewe!»

Kutoka Kasenga tulipanda kamyo ya Mugriki, juu ya masanduku ya samaki na barafu. Mama mukubwa akasema: «Matako yangu ilisha kufika Bulaya.» Ile siku alikuwa na furaha. Alikuwa anaona mutoto yake anakula ile samaki.

Elisabethville tuliingia asubuhi. Ku dirisha ya lopitalo tulikuta Pascal, mukalimani, muntu wa Kasai, shati nyeupe pee. Nikamwambia: «Pumzika, yaya, mukubwa wangu. Mukalimani wa huyu mama ni miye.»

Akacheka. «Petit, mudogo wangu, ile ya ndugu kugeuza maneno ilisha kuisha. Bakubwa ba kampani balituikalisha bakalimani bote, ba Kibemba, ba Kiluba, ba Kilunda, tukapatana. Kila ugonjwa jina moja. Na kazi yetu tukaisema wazi: unageuza yenye dokta anasema, usiongeze, usipunguze, usingojeshe. Zamani kila mumoja alikuwa anasema yake. Dokta alikataza mugonjwa mumoja kushuka tena mu mine, mu shimo ya kuchimba shaba. Mukalimani akamuonea huruma, akamwambia, pumzika siku mbili tu. Akapumzika, akashuka. Hakupanda tena.»

Njo dokta akatokea, akaangalia karatasi, akasema mu Kifaransa. Nilisikia mbele ya Pascal kufungua kinywa. Nikamushika mukono: «Monsieur Pascal, attendez, ngojea. Aikale kwanza.»

Alinitazama na huruma. Halafu akageukia mama mukubwa: «Mama, mutoto yako Mwape amekufa leo asubuhi. Batamuzika leo muchana.»

Kwetu kifo haisemwi vile. Unaikalisha muntu, bamama babili banamushika mikono, na mwenye kusema si wa ndugu, juu ndugu atalia. Ni mutani. Siye ni ukoo ya Mbuzi, batani betu ni ba Chui. Chui anakutukana kwanza, njo anakuambia.

Mama mukubwa akacheka. «Huyu Mukasai anacheza na miye. Kifo banaitoa ku dirisha, sawa banauzisha timbre ya barua?» Akaenda kuikala ku mulango, angojee Mwape atoke.

Nikamwambia: «Mama, ni kweli.»

«Weye? Weye wa kuigiza padri?»

Nikakimbia mu kampi ya bafanyakazi kutafuta Chui. Nikapata mumoja, Chola, mwenye kutia makala mu mashine ya treni. Kapita, mukubwa wake wa kazi, akakataa: hatatoka mbele ya sirene ya kumaliza kazi. Nikarudia mbio.

Muchana sanduku ikatoka, bantu bane banaibeba. Mama mukubwa akasimama juu ya heshima, akatoa kitambaa ku kichwa. «Maskini,» akasema, «mama yake iko wapi?»

Nilifuata ile sanduku miye peke yangu.

Sirene ilipolia, Chola alikuya na bamama babili. Bakatandika mukeka. Chola akamutukana: «We Mbuzi, nani alikuita mu muji ya Chui? Ikala pale, nikuangalie mafuta.» Mama mukubwa akaikala. Bamama balipomushika mikono, uso wake ikabadilika. Chola alikuwa hajasema bado.

Halafu akasema.

Mama mukubwa alilia jina ya Mwape, kisha kitu moja tu: «Ile sanduku. Ilipita pa miye. Ile sanduku.»

Mangaribi Pascal naye akakuya, bila shati nyeupe, akaikala chini na siye. Akaniuliza pole pole: «Tulikosa?»

«Hapana, yaya. Yule wa mine, mungesema wazi, angekuwa muzima.»

«Basi tungepatana namna gani?»

Akakaa na siye mupaka mama mukubwa akalala.

Kurudia mu kamyo, mama mukubwa alishika kitunga ya samaki ku magoti, na miye sikuchekesha muntu.

Pweto, mashua ilipogusa muchanga, bantu balikuwa bamejaa, banapiga makelele: «Célestin, tuchekeshe! Mwape iko aje?» Miye ni ndugu, haikuwa kazi yangu kusema. Lakini balikuwa bote bamesimama, banaangalia kinywa yangu.

Nikasema: «Mwikale kwanza.»

Bakaikala mu muchanga, mumoja mumoja. Na mbele ya kuongeza neno, kilio ikaanza.